Taifodi ya kwenye karatasi

Ndugu Mhariri,

Mvua zikishaloanisha vumbi la Dodoma, habari za wagonjwa wa taifodi kuongezeka huwa haziko mbali. Hatupingi kwamba homa ya matumbo ipo. Ipo, inatoboa utumbo katika wiki ya tatu, na inaua. Ombi letu ni dogo: safari ijayo mwandishi wako akitajiwa idadi, aulize hao wagonjwa walipimwa kwa kipimo gani. Taifodi nyingi inayotibiwa mjini hapa na vijijini haikuonekana kwenye damu ya mtu yeyote. Ilionekana kwenye karatasi ya majibu iliyoandikwa "O 1:160, H 1:80", na mgonjwa akatoka na dozi ya antibayotiki ya sipro mkononi.

Kipimo kinachotoa karatasi hiyo ni Widal, jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Kwa wakati wake kilikuwa kitu kikubwa. Tatizo ni kwamba hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili. Kwenye chupa ya kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kuna bakteria wa Salmonella Typhi waliouawa na kutiwa rangi. Ukiwachanganya na seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, kama ina kingamwili za kutosha, wanashikana na kufanya chembechembe, mfano wa maziwa yanayoanza kukatika. Herufi O ni ya ganda la bakteria, na H ni ya mikia yake ya kuogelea. Namba inaeleza seramu ilizimuliwa mara ngapi na bado ikashikanisha.

Sasa tazama ni nani mwingine anayeweza kuwa na kingamwili hizo. Aliyeugua taifodi miaka iliyopita anazo, hasa za H, ambazo hukaa muda mrefu. Aliyepata baadhi ya chanjo za taifodi anaweza kuwa nazo. Aliyepatwa na aina nyingine za Salmonella, zile za nyama ya kuku na mayai yasiyoiva, anaweza kuwa nazo, kwa sababu baadhi ya aina hizo zina alama zile zile za O namba 9 na 12. Malaria nayo huchochea mwili kumwaga kingamwili za kila namna, zikiwemo zinazoshikanisha kitendanishi hiki. Upande wa pili, aliye na taifodi ya kweli siku ya tatu ya homa huenda asiwe na kitu, maana za O huanza kuonekana karibu na siku ya 6 hadi 8, na za H siku ya 10 hadi 12. Kipimo kinaweza kumkosa mgonjwa na kumkamata jirani yake.

Ndiyo maana kanuni yake ya asili haikuwa kipimo kimoja. Ilitaka sampuli mbili zilizopishana siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda angalau mara nne, mathalani kutoka 1:80 hadi 1:320. Hakuna maabara ya mtaani inayomrudisha mtu baada ya siku 14. Hata ikimrudisha, dozi imeshakwisha na mtu yuko kazini.

Halafu kuna namna kinavyofanywa. Njia ya tyubu, inayohitaji seramu izimuliwe hatua kwa hatua na kuachwa kwenye joto kwa saa nyingi, imeachwa karibu kila mahali. Inayotumika ni ya slaidi: tone la seramu, tone la kitendanishi, koroga, yumbisha slaidi kwa dakika moja, soma. Kwa utaratibu sahihi, tone la kwanza likishikana ni ishara tu ya kuendelea. Mpimaji achukue tena seramu kwa pipeti, mikrolita 80, 40, 20, 10 na 5, kila moja aiwekee tone la kitendanishi, na hizo ndizo zinazolingana na 1:20, 1:40, 1:80, 1:160 na 1:320. Kinachotokea mara nyingi ni tone moja kushikana, kisha namba kuandikwa kwa kukadiria ukubwa wa chembechembe. Namba ya namna hiyo haikupimwa, ilibuniwa kwa jicho.

Makosa mengine ni ya kila siku. Slaidi ikiachwa dakika tatu au nne wakati mpimaji anahudumia mwingine dirishani, tone linakauka pembeni na linaonekana kama limeshikana. Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba linaharakisha hilo. Kitendanishi kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kisigande, kitikiswe vizuri, na kiachwe kifikie joto la chumba kabla ya kutumika. Umeme ukikatika mchana kutwa, chupa hiyo hiyo bado inatumika kesho yake. Seramu yenye mafuta mengi au iliyovunjika chembe nyekundu inasumbua macho. Na chupa mbili ndogo zinazokuja ndani ya boksi, moja ya kulinganishia chanya na nyingine hasi, nyingi huisha muda wake bila kufunguliwa. Ukitaka kuijua maabara, usiulize mashine walizonazo. Uliza kama leo asubuhi wamepima ile hasi.

Hata kikifanywa vizuri, hesabu yenyewe inakikataa. Utafiti wa watoto waliolazwa kwa homa katika hospitali moja ya vijijini mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka 2010, ulikilinganisha na kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa ya mchuzi ili bakteria waliomo waote, na ulitumia njia ya tyubu, si ya slaidi. Kwa mpaka wa 1:80, kipimo kilinasa asilimia 75 ya wenye taifodi na kiliwaachia huru asilimia 98 ya wasio nayo. Yanasikika kama majibu mazuri. Lakini kati ya waliosomeka chanya, wenye taifodi ya kweli walikuwa asilimia 26 tu.

Msomaji anayeshangaa achukue kalamu. Wagonjwa 1,000 wa homa, 10 kati yao wana taifodi. Kipimo kinanasa 7 au 8. Waliobaki ni 990 wasio nayo, na asilimia 2 yao ni karibu 20, nao wanasomeka chanya. Jumla karibu 28 wanaambiwa wana taifodi, na 20 kati yao hawana. Sasa punguza umakini, tumia slaidi iliyokauka na chupa iliyopashwa joto, ile 98 ishuke hadi 80. Wasio nayo wanaosomeka chanya wanakuwa 198. Hao ni watu 198 wa dozi ili kuwapata 8. Ugonjwa ukiwa adimu na kipimo kikiwa cha kubahatisha, wengi wa chanya ni wa uongo, hata kama kila mtu kwenye mnyororo huo ni mwaminifu.

Namba ya 1:160 haina maana yoyote mpaka ujue watu wazima wenye afya wa eneo hilo wana kiasi gani. Hilo ni jambo linaloweza kufanyika hapa hapa bila fedha za kutisha: seramu za wachangia damu wenye afya, tuseme 200, baada ya kibali cha maadili ya utafiti, zipimwe kwa njia ya tyubu na kitendanishi cha aina moja, ionekane asilimia ngapi wanafika 1:80, 1:160 na 1:320. Kama mmoja kati ya kumi wasioumwa anafika 1:160, basi namba hiyo haiwezi kuitwa ugonjwa. Chuo chochote cha afya mjini kina wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti. Hii ni mada.

Kama si taifodi, ni nini basi? Hapa utafiti wa Tanzania umefanya kazi ambayo haijafika kwenye chumba cha daktari. Watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa kwa asilimia 62.2, malaria asilimia 10.5, maambukizi ya mkojo asilimia 5.9, na taifodi asilimia 3.7. Zaidi ya theluthi mbili walikuwa na virusi, ambavyo sipro haivigusi. Kaskazini, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria na waganga. Waliokuwa na malaria kweli ni 14, yaani asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Karibu hakuna aliyekuwa amefikiriwa kuwa na mojawapo ya hayo alipolazwa.

Kwa mkoa wetu hilo la wanyama si la kupita haraka. Dodoma ni mkoa wa mifugo, wa maziwa ya kibuyu na wa kuzalisha mbuzi kwa mikono. Brusela humpa mtu homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, na uchovu wa wiki nyingi, mambo ambayo kwenye karatasi yanafanana kabisa na "taifodi sugu". Tiba yake ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na dawa ya pili kama rifampisini au jentamaisini. Siku 7 za sipro zinampa nafuu ya muda, homa inarudi, anapimwa tena Widal, bado chanya, anaongezewa sindano. Anayesema taifodi yake "haiishi" angeulizwa kwanza kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa na kama ng'ombe wake wametupa mimba mwaka huu. Swali hilo halina gharama.

Na mkoa huu una kumbukumbu ya kutosha ya homa zilizokuwa kitu kingine. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini, na Dodoma ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko mikoa mingine. Mwaka 2016, Chemba, Kondoa na upande wa Manyara, watu waliugua macho ya njano, kutapika na matumbo kujaa, 20 wakafa, na jibu halikuwa kwenye damu pekee: lilikuwa kwenye mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2022 Lindi, ugonjwa wa kutokwa damu puani uliopewa majina mengi mitaani ulithibitishwa maabara kuwa homa ya mgunda. Kama wagonjwa hao wote wangepimwa Widal, baadhi wangesomeka chanya, na kitabu cha MTUHA, cha kumbukumbu za wagonjwa, kingeandika taifodi.

Kipimo chenye haki ya kusema "hii ni taifodi" ni kuotesha damu. Kipo katika hospitali kubwa za mji huu. Mara nyingi kinatumika vibaya kuliko kinavyokosekana, na tungependa kukaa hapa kidogo, maana ndipo pesa za mgonjwa zinapopotea.

Kosa la kwanza ni kiasi cha damu. Bakteria wa taifodi kwenye damu ni wachache mno, kwa kawaida hawafiki hata mmoja kwa mililita. Ukivuta mililita 2 kwa mtu mzima, unavua samaki kwa kikombe. Makadirio yaliyokusanya tafiti nyingi yanaonyesha kuotesha mililita 2 kunanasa karibu nusu ya wagonjwa, na mililita 10 kunanasa karibu theluthi mbili. Mtu mzima anahitaji chupa mbili, kila moja mililita 8 hadi 10, ikiwezekana kutoka mikono miwili tofauti. Mtoto mdogo mililita 1 hadi 3, kwenye chupa ya watoto. Damu isizidi sehemu moja kwa tano ya mchuzi ulio ndani ya chupa na isipungue sana sehemu moja kwa kumi. Ikizidi, kinga iliyomo kwenye damu yenyewe inawazuia bakteria kuota. Wagonjwa hulalamika kwamba "wamenimaliza damu". Waelezwe kwamba mililita 20 ni kama vijiko vinne vya chai.

Kosa la pili ni ngozi. Spiriti ya asilimia 70, sugua kuanzia katikati kwenda nje, acha ikauke. Kisha iodini ikae dakika moja hadi mbili, au klorheksidini nusu dakika, nayo ikauke yenyewe bila kupulizwa kwa mdomo. Baada ya hapo kidole kisirudi kuutafuta mshipa. Watu wengi wanasahau mpira wa juu wa chupa: ukibandua kifuniko cha plastiki, mpira huo si safi, nao unahitaji spiriti. Damu iingie kwenye chupa ya kuoteshea kwanza, ndipo iende kwenye tyubu nyingine, kwa sababu tyubu hizo zinaweza kurudisha uchafu kwenye sindano. Geuza chupa taratibu mara 8 hadi 10. Ukiruka hatua hizi, kinachoota ni bakteria wa kawaida wa ngozi, na mgonjwa anaandikiwa dawa kali kwa ajili ya mdudu aliyetoka kwenye kidole cha muuguzi. Maabara inayojiheshimu huhesabu chupa zilizochafuliwa kila mwezi, na lengo ni zisizidi asilimia 3.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote: damu inatolewa baada ya antibayotiki. Mgonjwa amepita duka la dawa, amemeza sipro siku mbili, kisha seftriaksoni ya dharura usiku, asubuhi daktari anaagiza kuotesha. Chupa inakaa kimya siku tano, jibu linatoka "hakuna kilichoota", na watu wanasema kipimo hakifai. Damu kwanza, dawa baadaye. Kwa aliyezidiwa, hizo ni dakika tano tu. Anavutwa damu na anachomwa sindano papo hapo.

Chupa ikishajazwa haiwekwi kwenye friji. Hili tunalirudia kwa sababu mazoea ya sampuli nyingine yanawapotosha wahudumu. Inakaa kwenye joto la chumba na kufika kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2 na isizidi 4. Kutoka Bahi au Chamwino inawezekana kabisa, mradi isisafirishwe juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la saa nane. Kwenye fomu iandikwe saa ya kutolewa, siku ya ngapi ya homa, dawa alizomeza, na kama anachunga au anakunywa maziwa mabichi. Neno hilo la mwisho linamlinda pia mtu wa maabara: brusela huambukiza wapimaji kwa hewa pale sahani ya kuoteshea inapofunguliwa mezani bila kabati la usalama. Pia huota polepole, na kwa njia ya mkono chupa yake huenda ikahitaji kusubiriwa wiki kadhaa kabla ya kutupwa.

Kwenye maabara yenye mashine, mashine hulia yenyewe bakteria wakianza kukua. Kwa njia ya mkono, chupa huangaliwa kila siku na kupandwa kwenye sahani siku ya kwanza, ya pili, na ya mwisho, ambayo ni ya tano hadi ya saba. Salmonella Typhi nyingi huonekana ndani ya saa 72. Wakati huo huo hupimwa dawa zipi zinamuua. Na hapa kuna mtego tunaoukuta kwenye majibu: jentamaisini, na sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili, zinaonekana zinamuua kwenye sahani, lakini ndani ya mtu hazimponyi, maana mdudu huyu hujificha ndani ya chembe za mwili. Maabara isiziandike kabisa kwenye jibu la taifodi. Kwa upande wa sipro, kikaratasi cha kupimia kwenye sahani chenye pefloksasini, ndugu ya sipro, mikrogramu 5, hugundua usugu unaoanza, ambao kikaratasi cha sipro yenyewe huweza kuupitisha kimakosa.

Tutaambiwa kuotesha damu kunawakosa wagonjwa. Kweli, hata kukifanywa vizuri kunakosa mmoja kati ya watatu au zaidi. Kuotesha uboho kunanasa zaidi ya asilimia 80, lakini nani atakubali kutobolewa mfupa wa nyonga kwa homa ya siku nne? Udhaifu wa kipimo kizuri haufanyi kipimo kibovu kiwe kizuri. Maana yake ni kwamba jibu hasi halimzuii daktari kutibu pale mgonjwa anapoonyesha dalili zote: homa inayopanda ngazi kwa zaidi ya siku tano, tumbo linalouma, ulimi mweupe katikati, malaria hasi, kifua safi. Anatibu akijua anakisia, anaandika kwamba ni kisio, na anarudi kumwangalia.

Majirani zetu wa Malawi wametuonyesha thamani ya kusubiri chupa. Jaribio la chanjo ya taifodi Blantyre lilihusisha watoto karibu 28,000. Katika miezi 18 hadi 24, wagonjwa waliothibitishwa kwa kuotesha damu walikuwa 12 kwa waliopata chanjo hiyo na 62 kwa waliopata chanjo nyingine ya kulinganishia, sawa na kinga ya asilimia 80.7. Mwaka 2023 Malawi ikaiingiza chanjo katika utaratibu wake wa kawaida. Piga picha jaribio lile lingetumia Widal: chanya za uongo zingemwagika kwenye makundi yote mawili, tofauti ingezama, na chanjo nzuri ingeonekana haifanyi kazi. 

Kuhusu zahanati isiyo na kuotesha, tusiwaache hewani. Kipimo cha haraka cha malaria kwanza, na kikiwa hasi kiaminiwe. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo. Kisha mgonjwa avuliwe shati. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, koo na masikio yatazamwe, shingo ikunjwe, ngozi ikaguliwe. Mtu mzima mwenye homa ya chini ya siku tatu, anayekula, asiye na dalili za hatari, apewe parasetamoli na aambiwe arudi baada ya saa 48, au mapema akizidiwa. Homa inayovuka siku tano apelekwe kwenye chupa, bila antibayotiki njiani. Tumbo likikaza kama ubao, hiyo ni gari ya wagonjwa, si maabara.

Kwamba utaratibu wa namna hii hauui watu kumeshapimwa. Jaribio la Dar es Salaam la kati ya mwaka 2014 na 2016, la mwongozo wa kwenye tableti unaotumia vipimo vichache vya papo hapo kwa watoto wenye homa, lilipunguza antibayotiki hadi asilimia 11.5 ya watoto, dhidi ya 29.7 kwa mwongozo wa zamani. Walioshindwa kupona walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Katika huduma ya kawaida ya vituo hivyo, antibayotiki zilikuwa zinaandikwa kwa karibu kila mtoto.

Ndugu yake taifodi ya karatasi ni "UTI", maambukizi ya njia ya mkojo. Tutasema kwa kifupi. Kijiti cha mkojo kina vyumba vyenye muda tofauti: naitraiti husomwa kwenye sekunde 60 na chembe nyeupe kwenye 120, si vyote kwa pamoja baada ya dakika kumi. Naitraiti inahitaji mkojo uliokaa kibofuni saa 4 hivi. Mkojo uwe wa katikati, wa kwanza umwagwe. Wa kuoteshwa ufike ndani ya saa 2 au ukae kwenye friji, tofauti kabisa na damu. Kwa kitanzi cha mikrolita 1, koloni 100 za aina moja ni sawa na bakteria 100,000 kwa mililita. Zikiota aina tatu, huo ni mkojo uliochafuliwa na urudiwe. Na mtu asiyeumwa kokote anapokojoa, asiye mjamzito, hatibiwi kwa sababu tu kijiti kimebadilika rangi.

Madhara ya dozi zisizohitajika hayaishii kwenye usugu wa dawa, ambao kila mtu sasa anauimba. Dawa za kundi la sipro zinamgusa pia mdudu wa kifua kikuu. Mwenye kifua kikuu akipewa "dozi ya taifodi" anapata nafuu ya wiki mbili, makohozi yake yanasomeka hasi, ugunduzi unachelewa, na mdudu anajifunza kuishi na dawa ambayo tungeihitaji kwa kifua kikuu sugu. Atakuwa ameambukiza familia nzima kabla hajapimwa upya.

Tunachopendekeza kwa hospitali zenye uwezo wa kuotesha hapa kanda ya kati, Dodoma na Singida, ni kutoa kila mwaka karatasi moja: chupa ngapi za damu zilioteshwa, ngapi ziliota, ngapi zilikuwa uchafu wa ngozi, Salmonella Typhi walikuwa wangapi, na dawa zipi bado zinawaua. Karatasi hiyo ibandikwe kila zahanati na kila duka la dawa muhimu. Maabara binafsi zinazoendelea na Widal, kwa sababu wateja wanaiulizia, ziandike chini ya jibu maneno haya: "kipimo kimoja hakithibitishi taifodi", pamoja na njia iliyotumika, tyubu au slaidi. Na gazeti lako, Mhariri, linapochapisha idadi ya wagonjwa wa taifodi, liweke safu mbili: waliothibitishwa kwa kuotesha, na waliosomeka kwa Widal. Safu ya kwanza ikiwa tupu, iachwe tupu, wasomaji waione.

Wenu,
Wataalamu wa maabara na matabibu,
Dodoma